Mvinyo wa Dodoma na zabibu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo watu huuliza wanapoishika chupa ya mvinyo wa Dodoma kwa mara ya kwanza, au wanapoirudia baada ya kukatishwa tamaa na chupa iliyotangulia. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mvinyo wa Dodoma ni upi hasa?

Ni mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zilizolimwa katika Mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania, kwenye uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Zabibu za mvinyo zinazolimwa nchini karibu zote hutoka huko: Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Bihawana, na vijiji vya Wilaya ya Chamwino kama vile Mvumi na Chinangali II. Mkoa huo ni mkavu. Mvua yake ya mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufunga, na mkulima wa mahindi huwa hana la kufanya ila kusubiri. Mzabibu, ambao mizizi yake hushuka chini sana kutafuta unyevu, huivumilia hali hiyo kuliko mazao mengi ya chakula.

Kuhusu jina lenyewe, "mvinyo" ni neno lililotufikia kutoka Kireno, na wazee wengi walilitumia hata kwa pombe kali iliyochemshwa. Kanisani kinyweo hiki huitwa divai, na mtaani watu husema waini. Katika majibu haya mvinyo ni pombe ya zabibu peke yake.

Zabibu zilifikaje katika nchi kame namna hiyo?

Zililetwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1950, na Misheni ya Bihawana, iliyo upande wa barabara ya kwenda Iringa, ndiyo hutajwa kuwa chimbuko la kilimo hiki. Sababu ilikuwa ya altare. Sheria ya Kanisa Katoliki inadai kwamba divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika, kwa hiyo pombe ya ndizi au ya asali isingeweza kushika nafasi yake, na kusafirisha mapipa kutoka Ulaya hadi bara kulikuwa na gharama na usumbufu. Katika miaka ya 1960 mizabibu ilipandwa pia kwenye Gereza la Isanga, na kutoka hapo vipandikizi vikaenea kwa wakulima wa vijijini. Baadaye serikali ikawa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, ambayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waitaliano walijenga kiwanda cha CETAWICO huko Hombolo, na Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, nao wamekuwa wakitoa mvinyo unaobeba jina la Dodoma kwenye lebo.

Ni kweli kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka?

Ni kweli, na mtu akilielewa jambo hili ameelewa nusu ya kila kitu kinachofuata. Katika nchi za baridi kama Ufaransa na Italia mzabibu hupukutisha majani wakati wa kipupwe, hulala, huchipua upya joto linaporudi, na huzaa mara moja tu, zabibu zikivunwa karibu na Septemba. Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa Ikweta, na hakuna kipupwe cha kuulaza mzabibu. Ukiachwa wenyewe utaendelea kuchipua ovyo, tawi moja likiwa na maua na jingine likiwa na matunda yaliyokwisha kuiva.

Kinachoupa mzabibu wa Dodoma kalenda ni mkasi. Mkulima anapopogoa, yaani anapoyakata matawi na kuacha macho machache, mmea hushtuka, huchipua, hutoa maua, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Kwa hiyo anayepogoa Aprili au Mei huvuna Agosti au Septemba, na anayepogoa Oktoba au Novemba huvuna Februari au Machi. Mkulima ndiye anayeamua mwaka wa mzabibu unaanza lini. Wageni kutoka nchi zilizozoea mvinyo tangu zamani hupata tabu kuliamini jambo hili mpaka walione, kwa sababu kwao uamuzi huo ni wa hali ya hewa.

Je, kuna tofauti kati ya mvinyo wa mavuno ya Machi na ule wa Agosti?

Ipo, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko tofauti kati ya kiwanda kimoja na kingine. Zabibu za Machi hukua na kuiva katika masika. Mvua huzinywesha maji mengi kupita kiasi, sukari hupungua nguvu, na unyevu hukaribisha ukungu, hasa ubwiri, kiasi kwamba mkulima hupuliza dawa mara kwa mara na wakati mwingine hulazimika kuvuna kabla zabibu hazijaiva sawasawa ili asipoteze zote. Usiku nao huwa wa joto, na joto la usiku huifanya zabibu itumie asidi yake, hivyo mvinyo unaopatikana unaweza kuwa mwepesi na uliopooza.

Zabibu za Agosti ni habari nyingine. Hizo huiva mchana ukiwa mkavu na wenye jua kali, na usiku wa Juni na Julai ukishuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Mchana hujenga sukari na rangi; usiku wa baridi huilinda asidi. Tatizo la msimu huo ni maji, kwa kuwa mvua ilikoma Aprili, na ndiyo maana mashamba yenye umwagiliaji wa matone, kama lile la Chinangali II, huwa na nafasi nzuri zaidi kuliko mkulima anayetegemea unyevu uliobaki ardhini.

Ukibahatika kufika shambani wakati wa mavuno ya kiangazi, omba kichala kimoja ukaitazame punje. Ipasue kwa meno usiimeze. Kama mbegu ni ya kahawia na inavunjika kwa mlio mkavu kama karanga iliyokaangwa, na nyama ya tunda inaachana nayo bila kung'ang'ania, basi zabibu imeiva. Mbegu ya kijani iliyogandwa na nyama inamaanisha mkulima amewahi, pengine kwa kuogopa ndege, wezi au bei kushuka.

Basi mwaka ulioandikwa kwenye lebo una maana gani?

Una maana pungufu kuliko ilivyo kwenye chupa ya Ulaya. Kule mwaka mmoja ni mavuno mamoja, na mnunuzi anaweza kukumbuka kama kiangazi cha mwaka fulani kilikuwa kizuri. Hapa mwaka mmoja una mavuno mawili yasiyofanana, tena kiwanda kinaweza kuyachanganya. Swali linalofaa kumuuliza muuzaji, au kiwanda chenyewe ukikitembelea, ni kwamba zabibu hizo zilivunwa msimu gani. Huenda ukatazamwa kwa mshangao, lakini wanunuzi wakiuliza vya kutosha lebo zitaanza kujibu.

Makutupora nyekundu ni zabibu ya aina gani?

Ndiyo zabibu ya mvinyo iliyoenea kuliko zote Dodoma. Imepewa jina la Makutupora, kaskazini ya jiji, mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. (Wakazi wa Dodoma wanalijua jina hilo zaidi kwa visima, kwa kuwa maji yao ya bomba kwa miaka mingi yametoka bonde hilohilo.) Kwenye maandishi ya kitaalamu huitwa Makutupora Red. Wakulima wameikumbatia kwa sababu huzaa sana, huvumilia ukame, na haihitaji kubembelezwa kama mbegu za Ulaya.

Punje zake ni nyeusi zikiiva, ngozi ikiwa na rangi ya kutosha. Mvinyo wake mkavu, ukitengenezwa kwa uangalifu, una harufu inayokumbusha zambarau na matunda damu, uchachu unaoonekana wazi mdomoni, na ukakasi wa wastani. Hauna uzito wa mvinyo mkubwa wa Syrah, zabibu nyeusi ya Ufaransa, wala si haki kuudai uwe nao. Tunaupenda zaidi unapokunywewa ungali kijana na umepoa kidogo. Makosa mengi yanayosingiziwa zabibu hii ni ya kiwandani: zabibu zilizokaa juani kwenye lori tangu asubuhi, au uchachushaji ambao joto lake liliachwa likapanda mpaka harufu ya tunda ikatoweka na kubaki ladha kama ya matunda yaliyopikwa.

Ni mbegu gani nyingine zinazolimwa huko?

Kwa mvinyo mweupe, Chenin Blanc ndiyo inayoongoza. Asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na Afrika Kusini imeilima kwa muda mrefu sana kiasi kwamba ilikuwa na jina lake huko, Steen. Sifa iliyoifanya ifae Dodoma ni kwamba huitunza asidi hata penye joto, jambo ambalo mbegu nyingi nyeupe hushindwa. Kwa mvinyo mwekundu zipo Syrah na Cabernet Sauvignon, pamoja na mbegu za Kitaliano kama Aglianico ya kusini mwa Italia na Teroldego na Marzemino za kaskazini. Aglianico hasa inastahili kutazamwa, kwa kuwa kwao pia huiva polepole na hulimwa penye jua kali.

Zile zabibu zinazouzwa stendi na kando ya barabara kwenye mifuko ya nailoni kwa kawaida ni za mezani, zenye punje kubwa na ngozi laini. Zinafaa kuliwa tu.

Mvinyo mwekundu unapataje rangi, na kwa nini mwingine ni wa waridi?

Rangi yote iko kwenye ngozi. Ukikamua zabibu nyeusi ya kawaida na kuitupa ngozi papo hapo, maji yake huwa karibu meupe. Kwa mvinyo mwekundu zabibu hupondwa na kuchachushwa pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa. Kwa mvinyo wa waridi maganda huondolewa baada ya saa chache. Kwa mvinyo mweupe hukamuliwa mwanzoni kabisa.

"Mkavu" maana yake nini? Mbona ni wa majimaji kama mwingine?

Swali hili huulizwa kwa utani, lakini lina haki ya kujibiwa. Wakati wa kuchachusha, hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni. Hamira ikiachwa imalize sukari yote, au karibu yote, mvinyo huitwa mkavu. Ikizuiwa katikati, au utamu ukiongezwa mwishoni, mvinyo huwa mtamu. Juisi yenye sukari asilimia 21 ikichacha mpaka mwisho hutoa kileo cha asilimia 12 hivi, na ndiyo maana mvinyo mwingi wa kawaida huwa kati ya asilimia 11 na 14. Ukiona lebo inasema zaidi ya 15, yamkini umeongezewa pombe kali, nao unafaa kunywewa kwa glasi ndogo baada ya chakula.

Wanywaji wengi wa Tanzania walianza na mvinyo mtamu, na hakuna aibu katika hilo. Tatizo hutokea mtu anaponunua mkavu akitarajia utamu, akaunywa peke yake bila chakula, akakunja uso na kuapa kwamba zabibu za Dodoma ni mbaya. Mvinyo mkavu ni kitu cha mezani, kama achari. Hakuna anayekaa akala achari tupu kisha akaulaumu muembe.

Ule ukakasi unaokausha ulimi ni kasoro?

Si kasoro kwa lazima. Ni ule ule unaoupata ukiuma ndizi mbichi au bibo la korosho. Hutoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu, katika viini viitwavyo tanini, ambavyo hunasa protini za mate na kuufanya mdomo uhisi umekauka. Penye chakula chenye mafuta na protini tanini hupata kitu kingine cha kunasa, ukakasi hulainika, na mafuta nayo hayakai mdomoni. Huo ndio msingi wa kuupeleka mvinyo mwekundu kwenye nyama. Ukakasi unaochoma koo na kuacha uchungu mrefu ni jambo jingine. Huo mara nyingi hutokana na mbegu zilizovunjwa wakati wa kukamua, au zabibu ambazo hazikuiva.

Nitajuaje kama chupa ina mvinyo wa zabibu za Dodoma kweli?

Soma lebo ya nyuma kwanza. Madukani Tanzania kuna vinywaji vingi vinavyoitwa mvinyo ambavyo vimetengenezwa kwa ndizi, nanasi au choya (rosela), vimo kwenye chupa zinazofanana, na havidanganyi mtu yeyote kwa sababu lebo inasema. Choya, kwa rangi yake, humhadaa hata mzoefu aliye mbali na mwanga. Tafuta neno zabibu, mahali pa kutengenezwa, kiwango cha kileo, alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na stempu ya kodi ya Mamlaka ya Mapato kwenye kizibo au shingo ya chupa.

Upo pia mvinyo unaotengenezwa kwa juisi nzito ya zabibu iliyoagizwa nje na kuongezwa maji hapa. Serikali imejaribu kuipa nguvu zabibu ya nyumbani kwa kuutoza ushuru mdogo zaidi mvinyo ambao zabibu zake za ndani zinazidi asilimia 75. Bei ya chini ya chupa ya Dodoma ikilinganishwa na ile ya kutoka nje inatokana kwa sehemu na ushuru huo, kwa hiyo si sababu ya kuishuku.

Mvinyo mwekundu si hunywewa bila kuwekwa kwenye friji?

Kanuni hiyo ilitungwa na watu ambao vyumba vyao vilikuwa na baridi ya nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kina nyuzi 30 au zaidi, na mvinyo wa joto hilo hunuka kileo kabla hujaonja tunda. Weka chupa nyekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Makutupora, kwa wepesi wake, huvumilia hata dakika 45. Nyeupe na ya waridi zipoe sawasawa, nyuzi 8 hadi 12, lakini zisigandishwe, kwa kuwa baridi kali huficha harufu yote. Barafu ndani ya glasi tunaielewa, ingawa hatuipendi.

Nyama choma na kitimoto vinahitaji mvinyo gani?

Hapa ndipo zabibu ya Makutupora inapokuwa nyumbani. Kitimoto cha kukaanga huja mezani kikiwa bado kinatoa mvuke, kingo zake zimekauka na kuwa kahawia, mafuta yakimeremeta, kando kuna ndizi za kukaanga, kachumbari na vipande vya ndimu. Mafuta yanataka kitu chachu cha kuyakata, na uchachu wa Makutupora mkavu, uliopozwa, hufanya kazi hiyo bila kuifunika nyama. Angalia ndimu tu. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo huonekana umekufa na hauna ladha. Kwa hiyo mkamulie ndimu yule anayeitaka, usiimwagie sinia nzima.

Mbuzi wa kuchoma ana harufu nzito zaidi, na moshi wa mkaa huongeza uchungu kidogo. Hapo Syrah hufaa kuliko Makutupora, kwa kuwa nayo ina ladha inayokaribia pilipili manga na moshi. Chumvi husaidia, kwani hulainisha ukakasi, na hii ni moja ya sababu nyama choma yenye chumvi tupu hukubaliana na mvinyo vizuri kuliko ile iliyolazwa kwenye viungo vingi. Mishikaki ya ng'ombe iko katikati, na ukiwa na chupa moja tu ya kuzungusha kwa watu wanane, chagua Makutupora mkavu.

Kuku wa kienyeji wa mchemsho huenda na Chenin Blanc au mvinyo wa waridi. Mchuzi wake ni mwepesi na mvinyo mwekundu mzito utamwonea.

Na samaki?

Sato wa kukaanga mzima, mkia ukiwa umekauka kiasi cha kutafunika, hupendana sana na Chenin Blanc mkavu. Uchachu wa mvinyo huchukua nafasi ya ndimu. Samaki wa kupaka au kamba wa nazi huhitaji mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, kwa sababu tui lenyewe lina utamu na unene. Mvinyo mwekundu na samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni, na si dhana: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuikuza shombo. Dagaa waliokaushwa huonyesha tatizo hilo vibaya kuliko wote.

Vipi ugali na mboga za kienyeji za Dodoma?

Ugali wa uwele au mtama una ladha ya nafaka iliyo nzito kuliko sembe, wenye uchungu wa mbali, nao hubeba mvinyo mwekundu bila shida ukiwa na nyama. Mlenda ni mtihani. Utelezi wake huuvuruga ukakasi, na ukiunywea mvinyo mwekundu kila kimoja huonekana kinamkimbia mwenzake. Ukiwa na karanga ndani yake, Chenin Blanc baridi hufaa. Bila karanga, kunywa maji.

Pilau, biriani na vyakula vyenye pilipili?

Kileo huongeza ukali wa pilipili, utamu huupunguza. Kwa hiyo chakula kinachowasha kiende na mvinyo wa kileo kidogo na wenye utamu kiasi, mweupe au wa waridi. Pilau isiyo na pilipili, yenye bizari nyembamba, iliki na mdalasini, hupatana na mvinyo wa waridi mkavu, na hata na Makutupora iliyopozwa.

Nina wageni Waislamu, au watu wasiotumia kileo. Naweza kupikia mvinyo, kwa kuwa kileo hupotea motoni?

Usifanye hivyo bila kuwaambia. Kileo hakipotei chote. Hata chakula kilichochemka kwa saa mbili hubakiwa na kiasi kidogo, na kilichowashwa moto kwa dakika chache hubakiwa na kikubwa. Isitoshe, kwa Mwislamu hoja si kiasi kilichobaki. Wapikie bila mvinyo, na kama unataka zabibu iwepo mezani, ipo juisi ya zabibu, zipo zabibu mbichi na zabibu kavu, ambazo pilau ya pwani ilizifahamu zamani kabla Dodoma haijapanda mzabibu wa kwanza.

Kuchanganya mvinyo na soda ni kosa?

Ni mvinyo wako. Wahispania huchanganya mwekundu na kola na wana jina lake. Ushauri wetu ni mmoja, kwamba usiununue mkavu wa gharama kwa kazi hiyo, na kwamba uonje kwanza kabla ya kuchanganya.

Nimesikia Dodoma wakizungumzia "mchuzi wa zabibu". Ni kitu gani?

Hakuna uhusiano na sufuria ya nyama. Mchuzi wa zabibu ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa, na mara nyingi yaliyokwisha kuchachushwa, yakiwa yamehifadhiwa kwenye matangi na kuuzwa kwa lita kwa viwanda vinavyomalizia kazi na kujaza chupa. Umuhimu wake ni huu: zabibu zikishaiva hazisubiri. Kichala kilichokatwa leo kikikaa siku chache kwenye joto kimeharibika, na matangi ya kiwanda yakijaa mkulima hubaki na zabibu zisizo na mnunuzi. Imetokea zaidi ya mara moja wakulima wa Dodoma wakaziona zikiozea shambani. Mwenye uwezo wa kukamua na kuhifadhi mchuzi, yeye mwenyewe au kupitia ushirika, anaweza kungoja bei. Asiye nao huuza kwa bei anayoambiwa. Wakulima wakilalamikia soko, kwa kawaida wanalalamikia matangi.

Je, niuweke mvinyo wa Dodoma miaka mingi ili uwe bora?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Mwingi umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na Makutupora hupoteza tunda lake mapema. Syrah au Aglianico iliyokomazwa kwenye pipa inaweza kustahimili miaka michache zaidi, ikiwa imelazwa gizani mahali pa baridi. Kabati lililo juu ya jiko ni mahali pabaya kuliko pote, na katika nyumba nyingi ndipo chupa huwekwa. Dukani pia, epuka chupa iliyosimama dirishani ikipigwa jua.

Chupa iliyofunguliwa hukaa siku ngapi?

Ifunge, uiweke kwenye friji, hata ikiwa nyekundu. Mweupe utakaa vizuri siku mbili hadi tatu, mwekundu tatu hadi tano, mtamu zaidi kidogo. Ukiunusa ukasikia harufu kali inayopanda puani, hewa na bakteria wameshaanza kuugeuza kuwa siki. Kama ni mvinyo mkavu usiumwage. Uhamishie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa safi ili hewa ipite na inzi wasiingie, uuache kabatini wiki kadhaa, kisha uonje. Siki ya Makutupora kwenye kachumbari ya vitunguu, kando ya kitimoto, haina deni na ndimu.